Presha ya Macho Ina Historia, na Sisi Tumo Ndani

Wasee, leo si drama ya wasanii wala siasa. Leo ni historia, na kabla hujasukuma kidole uende posti ingine, nipe dakika kumi tu. Nina haragwe lililokuwa likiua watu kule Calabar. Nina daktari wa Edinburgh aliyekunywa maji ya kunyolea ndevu ili asife. Nina mkemia mweusi kutoka Alabama aliyemwambia profesa wa Oxford hadharani kwamba amekosea, na ikatokea profesa alikuwa amekosea kweli. Nina pia yule mchezaji mpira aliyevaa miwani uwanjani, ambaye nyinyi watu wa gemu za zamani za mpira lazima mnamjua.

Wote hao wameunganishwa na ugonjwa mmoja: glaukoma. Huku kwetu tunauita presha ya macho. Ndio ugonjwa unaoongoza duniani kwa upofu ambao hauwezi kurudishwa. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka wa 2020 watu karibu milioni 76 duniani walikuwa nao, na kufikia 2040 watakuwa wamepita milioni 111.

Msimamo wangu nausema mapema ndio tusizungushane. Watu weusi tuko kwa hii hadithi karibu kila hatua. Dawa ya kwanza ya matone iliyofanya kazi ilitoka kwa mmea wa Afrika Magharibi. Aliyeitengeneza kwa mikono yake kwenye maabara alikuwa mjukuu wa mtumwa. Tafiti zilizoonyesha nani yuko hatarini zilifanywa kwa macho yetu. Halafu sisi ndio bado tunakaa nyumbani tukipofuka polepole, tukiambiana ni uzee. Mimi hiyo siikubali, na nitaeleza kwa nini naona kazi ya kuirekebisha imeangukia mtu wa miaka 20 mwenye simu, si daktari peke yake.

Miaka elfu mbili ya kuchanganya mambo

Tuanze Ugiriki. Kwenye maandishi ya Hippocrates kuna orodha ya magonjwa ya wazee, na ndani yake kuna neno glaukosis. Linatokana na glaukos, rangi fulani kati ya buluu, kijani na kijivu. Yaani mtu akizeeka, mboni ikifanya ukungu wa rangi hiyo, na asione, basi ana glaukosis. Hapo ndipo jina glaukoma lilipozaliwa. Lakini ukisoma hiyo maelezo utajua shida iko wapi: mboni yenye ukungu inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Magonjwa mawili ama matatu yalirushwa kwa gunia moja, na yakakaa humo kwa karne nyingi.

Mwaka wa 1622 Mwingereza Richard Banister aliandika kitu cha maana sana. Alisema kuna wagonjwa wa upofu ambao ukiwapapasa jicho juu ya kope unakuta ni gumu kuliko la kawaida, na hao wenye jicho gumu hawaponi. Fikiria huyo msee. Hana mashine, hana taa, ana kidole tu, na tayari ameshika presha ya macho. Bahati mbaya ni wachache waliomsikiza.

Mwaka wa 1705 Mfaransa Michel Brisseau alipasua jicho la maiti ya mwanajeshi aliyekuwa na mtoto wa jicho. Akagundua kwamba mtoto wa jicho si ngozi inayoota ndani ya jicho vile watu walivyoamini. Ni lenzi yenyewe ya jicho imegeuka ukungu. Hapo gunia likaanza kupasuliwa. Mtoto wa jicho ni lenzi. Sasa glaukoma ni nini?

Jibu lilingoja kifaa. Mwaka wa 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz, akiwa bado hajafikisha miaka 30, alitengeneza kifaa cha kuangalia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuona ile sehemu ya nyuma ambapo neva ya jicho inaanzia kwenda kwa ubongo. Madaktari walipoangalia macho ya wenye glaukoma wakaona hiyo sehemu haiko sawa. Kwanza walidhani imefura. Baadaye ikajulikana ni kinyume: imechimbika, imekuwa kama kikombe. Neva inaliwa.

Mwaka wa 1857, Albrecht von Graefe wa Berlin alitangaza upasuaji wa kukata kipande kidogo cha ile duara yenye rangi ya jicho ili kushusha presha. Kwa wale wa glaukoma ya ghafla ilifanya kazi. Naye alikuwa na miaka 29. Alikufa 1870 akiwa na miaka 42 tu, kwa kifua kikuu. Nawatajia hiyo miaka makusudi. Wale waliofungua hili fumbo hawakuwa wazee wa ndevu nyeupe. Walikuwa rika la wengi wenu mnaosoma hapa.

Sasa mbona nimewachosha na hizo tarehe? Juu hiyo kuchanganya mtoto wa jicho na glaukoma haikuisha Ufaransa 1705. Iko kwa kijiji chenu sai. Anko wangu wa Nyeri alianza kugonga milango kwa bega na kukanyaga kuku. Majirani wakamwambia ni mtoto wa jicho, angoja iive, kambi ya macho ikija watamtoa bure. Akangoja. Kambi ilipokuja akaambiwa jicho la kushoto limeenda na la kulia limebaki nusu. Mtoto wa jicho unaweza kungoja, utafanyiwa upasuaji na utaona tena. Glaukoma hairudishi kitu. Kila mwezi unaongoja ni mwezi umelipa kwa neva.

Bomba na sinki

Nieleze vile inafanya kazi, kwa lugha ya ploti. Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji. Si machozi, machozi yako nje. Haya ya ndani yanatengenezwa kila saa na yanatoka kupitia kichujio kidogo pale pembeni, mahali konea inapokutana na ile duara yenye rangi. Bomba linaingiza, sinki linatoa. Sinki likianza kuziba na bomba bado linamwaga, presha inapanda. Kawaida presha ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Presha ikikaa juu inaumiza neva ya jicho, ambayo ina nyuzi karibu milioni 1. Nyuzi zinakufa kidogo kidogo. Na hapa ndipo ujanja wa huu ugonjwa ulipo: zinazoanza kuenda ni zile za kuona pembeni. Katikati inabaki safi. Unasoma ujumbe, unaona namba ya matatu, unatambua uso wa mtu. Ubongo nao unajaza mapengo ya pembeni, kwa hivyo huoni giza popote. Hakuna uchungu, hakuna wekundu. Ndiyo maana ile kupima kwa kusoma herufi ukutani haitoshi. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho kabisa, apigiwe makofi, na bado ana glaukoma iliyokomaa.

Kuna aina ya ghafla, ile sinki linaziba lote mara moja. Hiyo ni jicho jekundu, uchungu mkali, kichwa, kutapika, na kuona miduara ya rangi kuzunguka taa. Hiyo ni dharura, unaenda hospitali usiku huo huo. Lakini kwa watu weusi ile ya kawaida zaidi ni ya kimya. Tena kuna watu presha yao ni ya kawaida na neva bado inaliwa, ndio maana daktari mzuri haishii kwa kupima presha. Anaangalia neva yenyewe.

Haragwe la Calabar

Twende kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Nigeria. Waefik wa Calabar walikuwa na mmea wa kutambaa unaozaa mbegu ngumu za rangi ya kahawia iliyoiva. Waliziita esere. Mtu akishtakiwa uchawi alipewa mbegu hizo azile ama anywe maji yake. Akitapika na kuishi, hana hatia. Akifa, kesi imeisha. Watu wengi walikufa hivyo, na sitaki kuipamba. Lakini mjue pia kwamba hao watu walijua vizuri sana nguvu ya mmea wao.

Daktari Mwingereza, William Daniell, aliripoti habari hizo Uingereza mwaka wa 1846. Mbegu zikafika Edinburgh. Mwaka wa 1855 profesa wa sumu, Robert Christison, aliamua kuzijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Asubuhi moja alikula kipande cha mbegu. Haikuchukua muda akaanza kizunguzungu, miguu na mikono ikakataa kufanya kazi. Kilichokuwa karibu ni maji aliyokuwa amenyolea ndevu. Akayanywa ili atapike. Aliishi, na akaandika yote.

Mwanafunzi wa hapo hapo Edinburgh, Thomas Fraser, akaichukua hiyo sumu kama kazi yake ya shahada mwaka wa 1862. Akaona kwamba inakaza mboni ya jicho, inakuwa ndogo kama tundu la sindano. Rafiki yake Douglas Argyll Robertson, daktari wa macho, akajitia kwa jicho lake mwenyewe mwaka wa 1863 na kuthibitisha. Wasee wa Edinburgh walikuwa noma, lazima tukubali.

Kisha mwaka wa 1876, Ludwig Laqueur, daktari wa macho huko Strasbourg, akatumia dawa hiyo kwa wagonjwa wa glaukoma na presha ikashuka. Mboni ikikazwa, ile pembe ya sinki inavutwa na kufunguka, maji yanatoka. Na Laqueur hakuwa anaongea kwa mbali. Yeye mwenyewe alikuwa na glaukoma. Dawa hiyo inaitwa fisostigmini, na jina lake lingine ni eserini. Umesikia? Eserini, kutoka esere. Neno la Waefik limekaa kwa vitabu vya udaktari hadi leo, na shuleni hatukuambiwa.

Percy Julian

Shida ya dawa ya mmea ni kwamba unategemea mmea. Ukitaka dawa nyingi na safi, lazima mtu ajue kuijenga kutoka mwanzo. Wakemia wakubwa walikuwa wanashindania hiyo.

Percy Julian alizaliwa 1899 mji wa Montgomery, Alabama, enzi ya ubaguzi mkali. Babu yake alikuwa mtumwa. Elimu ya sekondari aliyopata ilikuwa hafifu kiasi kwamba alipofika Chuo cha DePauw, Indiana, ilibidi asome masomo ya sekondari jioni huku akisoma ya chuo mchana. Akamaliza 1920 akiwa wa kwanza darasani. Shahada ya uzamivu akaenda kuichukulia Vienna, akaipata 1931.

Aliporudi DePauw, yeye na mwenzake Mwaustria, Josef Pikl, wakaanza kuijenga fisostigmini. Upande ule mwingine alikuwa Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa kabisa duniani, ambaye baadaye angepata Nobel. Robinson alikuwa ameshachapisha njia yake. Julian akasema hapana, ulichotengeneza sicho. Hebu jiweke kwa hiyo nafasi: kijana mweusi wa chuo kidogo, Marekani ya miaka ya 1930, anaandika kwenye jarida kwamba bwana wa Oxford amekosea. Angekosea yeye, angezikwa. Wakapima kiwango cha joto kinachoyeyusha kemikali yao, kikalingana na cha ile ya asili. Mwaka wa 1935 kazi yao ikachapishwa, na Julian ndiye alikuwa sahihi.

DePauw hawakumpa uprofesa, kwa sababu ya rangi yake. Akaenda kiwandani Chicago. Mwaka wa 1950 alipokuwa anahamisha familia yake mtaa wa Oak Park, watu walijaribu kuichoma nyumba yake. Miaka ya baadaye Marekani ilimweka kwa stempu. Ndivyo huwa wanafanya.

Fisostigmini yenyewe leo haitumiki sana kwa glaukoma. Ilifuatwa na pilokapini, kutoka mmea wa Brazil, kisha timololi mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha latanoprosti mwaka wa 1996, tone moja kwa siku. Lakini mlango ulifunguliwa na haragwe la Calabar.

Nani yuko hatarini, na tulijuaje

Mwaka wa 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mji wa Baltimore, Marekani. Walipima weusi na weupe wa mitaa ile ile. Weusi walikuwa na glaukoma ya kimya mara nne hadi tano zaidi ya weupe. Na katika wote waliokutwa nayo, karibu nusu hawakuwa wanajua. Hii ni Marekani, nchi yenye mahospitali kila kona.

Mwaka wa 1994 Barbados wakatoa yao: kati ya watu weusi wa miaka 40 kuendelea, 7 katika kila 100 walikuwa nayo. Halafu karibu na nyumbani, Kongwa, katikati ya Tanzania, watafiti walipima zaidi ya watu 3,200 wa miaka 40 na zaidi. Waliokutwa na glaukoma walikuwa 4 na kitu katika kila 100. Hesabu hiyo ilete kwenu. Ukiwa na harusi ya watu wazima 100 kijijini, wanne hivi wanaweza kuwa nayo, na wako hapo wanacheza vizuri kabisa.

Kwa hivyo orodha ya walio hatarini ni hii. Mtu mwenye asili ya Afrika. Mtu aliyepita miaka 40, na hatari inaongezeka kila muongo. Mtu ambaye mzazi, kaka ama dada yake anayo. Hii ni kubwa sana, inazidisha hatari mara kadhaa. Mtu mwenye miwani nzito ya kuonea mbali. Mwenye kisukari. Aliyewahi kupigwa jicho vibaya. Na mtu anayetumia steroidi.

Najua kuna mtu amesema, mimi niko 22, haya ni ya wazee. Haya. Edgar Davids alizaliwa Suriname 1973, akachezea Uholanzi na Juventus. Glaukoma ilimshika akiwa kijana wa mpira wa juu kabisa. Alifanyiwa upasuaji 1999 akiwa na miaka 26, na zile miwani zilizomfanya ajulikane dunia nzima zilikuwa za kulinda jicho. Si mtindo. Kirby Puckett, nyota wa besiboli Marekani, aliamka Machi 1996 akiwa haoni kwa jicho la kulia. Alikuwa na miaka 36. Kufika Julai akastaafu. Mmoja aligunduliwa, akatibiwa na kucheza miaka mingi zaidi. Mwingine aliambiwa na jicho lenyewe, na jicho huwa linaambia mtu mwishoni.

Bangi? Hapana, buda

Kila nikitaja glaukoma kuna msee lazima aseme dawa ni bangi. Hata hiyo ina historia yake, kwa hivyo tuimalize. Mwaka wa 1971 watafiti wa California waliripoti kwamba bangi inashusha presha ya jicho. Ni kweli, inashusha. Mwaka wa 1976 Mmarekani Robert Randall, aliyekuwa na glaukoma na alikamatwa kwa kupanda bangi, alishinda kesi yake Washington, na serikali ikawa inampa yeye bangi kwa mujibu wa sheria. Hiyo stori ndiyo imetembea hadi mtaani kwetu.

Sehemu ambayo haikutembea ni hii: presha inashuka kwa saa tatu ama nne tu. Glaukoma inataka presha ikae chini saa 24. Utavuta mara sita hadi nane kwa siku, usiku pia uamke, kila siku, maisha yako yote. Zaidi ya hapo bangi inashusha presha ya damu, na hiyo inaweza kupunguza damu inayofika kwa ile ile neva unayotaka kuokoa. Chama cha madaktari wa macho wa Marekani hawaipendekezi. Tone moja la jioni linafanya kazi kuliko hiyo yote, na hakuna askari atakusimamisha kwa sababu yake.

Steroidi: hapa ndipo vijana tunaumia

Historia ina utani mbaya. Yule yule Percy Julian, baada ya fisostigmini, ndiye aliyesaidia kurahisisha utengenezaji wa dawa za jamii ya kotizoni kutoka kwa soya, karibu 1949. Hizo ndizo steroidi. Zimeokoa watu wengi mno, wa pumu, wa viungo, wa mzio. Lakini ndani ya miaka ya 1950 madaktari wakaanza kuona kwamba matone ya steroidi yanapandisha presha ya jicho kwa watu wengine. Mtu mmoja hivi kati ya watatu presha yake hupanda kidogo, na wachache inaruka juu sana.

Sasa fikiria mtaa wako. Mtoto macho yanamwasha, mekundu, kila msimu wa vumbi. Mzazi anaenda duka la dawa la karibu, anapewa kichupa. Macho yanatulia siku ya pili, yanapendeza. Msimu ukirudi ananunua tena. Mwaka wa pili bado ananunua. Mtoto anafika kidato cha tatu akiwa na glaukoma ambayo hakuzaliwa nayo. Madaktari wa macho wa kanda hii wanaijua sana hii kesi. Angalia kichupa chako. Ukiona deksamethasoni ama betamethasoni, na hakuna daktari anayekufuatilia, simama na uende ukapimwe. Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi, ukizipaka karibu na macho kwa muda mrefu, pia zinaweza kufanya hivyo. Sikuhubirii kuhusu rangi yako. Nakuambia kuhusu neva yako.

Tufanye nini

Watu huniambia, lakini kama hairudishi macho, nipimwe ya nini? Swali ni zuri na jibu lina namba. Mwaka wa 2002 Marekani ilitoa utafiti wa watu wenye presha ya juu ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Nusu walipewa matone, nusu wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka mitano, glaukoma ilikuwa imeanza kwa karibu 9.5 katika kila 100 ya wasiotibiwa, na 4.4 tu katika wale wa matone. Imekatwa zaidi ya nusu. Hakuna anayekurudishia kilichoenda, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa hadi uzeeni.

Tatizo la matone ni kwamba hayaleti raha. Ukinywa dawa ya kichwa, kichwa kinaacha. Ukitia tone la glaukoma, huoni tofauti, na pengine jicho linawasha kidogo. Anko wangu alikuwa amepewa matone baada ya ile kambi, akayaacha mwezi wa tatu. Alisema hayasaidii, hela inaisha bure. Hakuna mtu alikuwa amemwelezea kwamba kazi ya dawa ni jicho libaki vile liko jana. Binamu yangu wa chuo alipomwelezea kwa Kikuyu, polepole, na kumwekea kengele kwa simu saa tatu usiku, akarudi kuyatumia. Hakuwa daktari. Alikuwa na subira na simu.

Ndiyo maana nasema kazi ni yetu. Mzazi wako ana miaka 45, 50, 60. Hajui neno glaukoma, ama anajua presha ya macho na anadhani ni presha ya damu imepanda hadi machoni, na anaona tembe zake za presha zinatosha. Hazitoshi, ni vitu viwili tofauti. Mwambie. Mpeleke. Hospitali ya Kikuyu na ile ya Lions huko Loresho wana huduma kamili za macho, na hospitali nyingi za kaunti zina wahudumu wa macho. Mkifika, msikubali kusoma herufi tu na kuuziwa fremu. Ulizeni mambo matatu: presha ya jicho ni ngapi, neva inaonekana aje, na upana wa kuona umepimwa? Ikipatikana kwa mmoja wenu, ndugu zake wote na watoto wake wote waende pia, hata wewe wa miaka 22.

Na dawa ni ghali kwa familia nyingi, sitajifanya sijui. Muulize daktari kama kuna ya bei nafuu inayofaa, ama upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji, ambao umekuwepo tangu 1968, ama leza. Kuna njia zaidi ya moja, lakini hakuna hata moja inayofanya kazi kwa mtu ambaye hajapimwa.

Banister alijua kwa kidole tu mwaka wa 1622. Sisi tuna mashine inayopima kwa dakika chache, na bado kuna mama mahali fulani amekaa kwa kiti chake anangoja kitu kiive ambacho hakiivi. Hii tuma kwa grupu ya familia. Ile ya WhatsApp, yenye anko wanaotuma salamu za asubuhi zenye maua. Hao ndio ninaowataka. Halafu usiishie kutuma. Uliza nani amewahi kupimwa presha ya macho, na uhesabu ni wangapi watajibu.